Mama wa Bweni Zima

Miguu ya Matroni ilianza kuvimba mwaka wake wa tatu kazini, na sasa huu ulikuwa wa kumi na moja. Asubuhi miguu hiyo iliingia kwenye viatu bila ubishi. Ikifika saa sita mchana inakuwa imeshagoma, naye anavaa kandambili na kushinda nazo mpaka jioni, ingawa alijua mkuu wa shule hapendi kumwona hivyo. Mkuu wa shule ana ofisi, na ndani ya ofisi ana kiti. Matroni alikuwa na bweni la vitanda sitini na vinne, na juu ya kila kitanda msichana wa miaka kati ya kumi na mitatu na kumi na minane, umri ambao mtu hulilia ndoo, huichekea ndoo hiyohiyo, na kesho yake huapa kwamba hajawahi kuwa na ndoo.

Jumatatu hiyo, baada ya chakula cha mchana, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya bweni akihesabu mashuka yaliyoanuliwa, mshauri wa wanafunzi akamjia na karatasi. Mshauri alikuwa kijana, mwenye muhula mmoja tu hapo shuleni, shati limenyooka na nia njema imemjaa mpaka inamwagika. Ndiye aliyeleta wazo la kikundi cha Jumamosi: wasichana wasio na wazazi wakutane na Matroni kila wiki kwa saa moja na nusu katika chumba cha ushonaji, mlango umefungwa, wazungumze yao. Alikuwa amegawa fomu bweni zima. Kwa ajili ya kutunza siri za watu hakutaka majina. Kila msichana aliandika namba ya kitanda chake, basi.

"Nafasi ni kumi na mbili," alisema. "Wakizidi hapo hatutawasikia, itakuwa mkutano wa hadhara. Lakini waliojaza ni kumi na watatu, Matroni. Naomba umtoe mmoja kabla ya Ijumaa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mama wa bweni zima. Mimi nitamjuaje mwenye shida kuliko mwenzake?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana kila mtu alisema hivyo. Matroni alipokea karatasi, akashuka nayo kwa kidole. Kitanda cha nne. Cha tisa. Cha kumi na mbili. Cha ishirini na mbili. Alikuwa anawaona sura zao mmoja mmoja, na yupi analala chali na yupi anajifunika gubigubi. Kisha kidole kikafika kwenye kitanda cha thelathini na moja, kikasimama.

Kitanda cha thelathini na moja kilikuwa kule mwisho, karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Kinalaliwa na binti yake. Binti yake wa kumzaa, wa pekee aliye naye duniani, miaka kumi na sita, amejaza fomu ya wasio na wazazi.

"Kuna tatizo?" mshauri akauliza.

"Hapana," akasema Matroni, akarudi kwenye mashuka yake. Hesabu ilikuwa imeshampotea, ikabidi aanze upya.

Kabla mtu hajamlaumu Matroni, au hajamtetea kupita kiasi, ni vizuri ajue mambo yalifikaje hapo.

Kila siku saa kumi na nusu jioni, masomo yakiisha, chumba cha Matroni kilikuwa wazi mpaka kengele ya chakula. Wasichana walipanga foleni koridoni, wameegemea ukuta, kila mmoja na lake. Huyu kichwa, huyu tumbo, huyu kaibiwa soksi, huyu hana ugonjwa wowote ila anataka kuulizwa anaendeleaje. Mwaka wake wa kwanza, Matroni aliwasikiliza kwa mpangilio waliokuja nao. Siku moja msichana asiye na mtu yeyote nyumbani alisimama nyuma ya wenzake tisa, akasikiliza habari za soksi mpaka kengele ikalia, akaondoka zake kimya. Kesho yake alipelekwa hospitali anaweweseka kwa homa, akalazwa mwezi mzima. Alipona. Lakini Matroni alikata kauli siku hiyo: wasio na wazazi watangulie. Wenye mama na baba watasema yao siku ya wageni. Hakuna aliyepinga, kwa sababu ilikuwa haki na kila mtu aliona kuwa ni haki.

Binti yake alikuja shuleni hapo akiwa na miaka kumi na mitatu. Kabla ya hapo alilelewa na mama yake mdogo, kwa sababu kazi ya Matroni haikuwa na chumba cha mtoto. Baba yake alishahamia kwenye maisha mengine, na huko alikohamia hakuacha hata pa kumuulizia. Kwa hiyo binti alipofaulu kuingia shule ileile anayofanyia kazi mama yake, ndugu wote walishukuru. Sasa mtakuwa pamoja, walisema.

Wakiwa bado nje ya geti, sanduku la bati katikati yao, Matroni alimwinamia akamwambia, "Ukishavuka hapa mimi ni Matroni. Sitaki kusikia mama. Utapanga foleni kama wengine, utaadhibiwa kama wengine. Umenielewa?"

Usimwone mkatili. Matroni aliyemtangulia aliondolewa kwa maneno ya upendeleo. Mpwa wake alikuwa akilalia magodoro mawili, na habari za magodoro hayo zilifika mpaka kwenye bodi ya shule. Mwanamke asiye na mume, asiye na kazi nyingine ya kukimbilia, anajifunza kutokana na magodoro ya mwenzake.

Binti alielewa, tena alielewa sana. Watoto wengine ungewaambia jambo kama hilo wakalisahau baada ya wiki, wakaropoka mama mbele ya watu, mambo yakaisha kwa kicheko. Huyu alikuwa msikivu. Alisema Matroni darasani, Matroni koridoni, Matroni akiwa na malaria. Wasichana wakubwa waliowahi kusikia tetesi walimaliza shule wakaondoka na tetesi zao, na waliobaki hawakuamini. Walikuwa wanamsikia Matroni akiwaita bweni zima "mwanangu", mwanangu njoo, mwanangu hebu nikuone ulimi, halafu akifika kwa yule wa thelathini na moja anasema "wewe". Angekuwa mwanawe angemwita hivyo, walisema.

Likizo nazo hazikusaidia. Kulikuwa na wasichana wasio na pa kwenda, na mtu lazima abaki nao. Matroni alibaki. Binti alipelekwa kwa mama mdogo. Katika miaka mitatu walikuwa wamepata wiki moja ya kukaa pamoja, wiki ambayo bweni lilikuwa linapakwa rangi. Asubuhi ya kwanza binti aliita kutoka jikoni, "Matroni, chai tayari," wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Asubuhi ya pili akaita vilevile, na hakuna aliyecheka.

Basi Jumatatu ile Matroni alijifariji. Wasichana hubadilishana vitanda kila dirisha likivuja. Labda thelathini na moja ni mtu mwingine. Jumanne asubuhi alipokuwa akikagua bweni alipita mpaka kule mwisho. Sanduku la bati chini ya kitanda lilikuwa lilelile, na juu ya mto ilikunjwa kanga aliyoinunua yeye mwenyewe. Hakuna aliyebadilishana na mtu.

Hapo hasira ikampanda. Alifagia koridoni ambako kulikuwa kumeshafagiliwa. Amenizika, alijisemea. Nimesimama hapa miguu imekuwa maboga, namtafutia sare, namtafutia madaftari, yeye ananizika kwa kalamu. Alipanga kumwita jioni hiyohiyo. Jioni ikaleta foleni ya watu kumi na wanne. Jumatano maji yalikatika, wakashinda wanabeba kutoka kwenye tangi la jikoni, na foleni ilipoisha hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Ndivyo siku zake zilivyokuwa. Jambo lake mwenyewe lilingoja mwisho, na mwisho ukifika amechoka.

Katikati ya hayo alijaribu kuwapima wale kumi na wawili wengine, aone kama yupo wa kutolewa. Cha nne ana bibi kizee asiyesikia. Cha ishirini na mbili mama yake yu hai, ila miaka mitano hajulikani alipo. Cha tisa alimzika mama muhula uliopita, na baba alishatangulia. Tangu arudi kutoka mazishini hakuwa amesema zaidi ya ndiyo na hapana. Ukimtoa mmoja wa hawa ili abaki mtoto wa Matroni, hilo ni godoro la pili, tena limewekwa juu ya mtu.

Alhamisi alasiri, wengine wakiwa michezoni, alimkuta binti peke yake kwenye karo la kufulia, akisugua kola ya shati la sare. Matroni aligeuza ndoo, akaikalia. Binti akasimama wima, mikono inachuruzika povu.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Kaa."

Hapakuwa na pa kukaa, akachuchumaa.

"Nimeona karatasi ya mshauri," Matroni alisema. "Kitanda cha thelathini na moja kimeandika hakina mzazi."

"Sikuandika sina mzazi." Binti alizungumza taratibu, kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwalimu kwa heshima. "Swali halikuwa hivyo. Liliuliza, je, una mzazi au mlezi unayeweza kumpata ukimhitaji? Nikaweka alama kwenye hapana."

"Nalala hatua thelathini kutoka kitandani kwako."

"Ndiyo, Matroni."

"Kila siku unaniona."

"Ndiyo. Nakuona."

Matroni alitazama povu linavyoteremka kwenye mfereji. Alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga siku tatu, na sasa hakuona pa kuyaanzia.

"Wale hawana watu," alisema. "Wewe unajua hali yangu ilivyo hapa. Lakini ungekuwa na jambo ungekuja tu."

"Nilikuja. Mwaka wa kwanza, muhula wa pili. Nilitoka darasani mbio nikawa wa kwanza kwenye foleni. Ukafungua mlango, ukaniangalia, ukasema wewe rudi nyuma, wapishe wenzako. Nikarudi nyuma. Walikuwa kumi na mmoja. Kengele ikalia."

"Ulikuwa na nini siku hiyo?"

"Nilikuwa nimeanza kuona siku zangu. Sikujua nifanye nini, nikafunga sweta kiunoni."

Kabati la Matroni lilikuwa limejaa pedi. Kila msichana aliyevunja ungo bwenini humo alikalishwa kwenye kiti, akaelezwa polepole, akaambiwa asiogope, akapewa pakiti na kikombe cha chai ya moto. Maneno hayo Matroni alikuwa ameyasema mara mia na zaidi, anayajua kama anavyojua njia ya bombani. Alijaribu kukumbuka aliyasema lini kwa huyu. Alitafuta mwaka mzima, muhula kwa muhula, na hakukuta kitu.

"Nani alikueleza?"

"Mrefu. Yule aliyekuwa analala kitanda cha juu yangu. Yeye ulikuwa umeshamweleza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira, wangegombana, wangelia, ingekuwa nyumba. Matroni akashika ukingo wa karo.

"Mbona hukurudi kesho yake?"

"Kesho yake kulikuwa na foleni."

"Na hicho kikundi sasa unakitakia nini?"

Binti alitumbukiza shati majini, akalikamua. "Mtakaa saa moja na nusu na mlango utafungwa. Nilifikiri nitakaa tu humo, hata nisiposema kitu."

Matroni alinyoosha mkono. Alitaka kumshika bega, au shingo, popote. Sauti za wasichana wawili zikasikika zinakuja kutoka uwanjani, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshasimama, mkono umerudi, na kinywa kimesema, "Suuza vizuri hiyo kola." Akaondoka. Alipofika chumbani alikaa kitandani bila kuvua kandambili na kujichukia kwa muda mrefu, mpaka mtu akagonga kuuliza dawa ya macho.

Ijumaa asubuhi alipeleka karatasi kwa mshauri. Namba thelathini na moja ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Huyu?" Mshauri alishangaa. "Mimi nilidhani huyu ndiye wa kwanza kubaki. Siku ya wageni nilimwona amekaa peke yake pale ukutani mpaka geti likafungwa."

"Ana mzazi."

"Una hakika?"

"Ana mama."

"Unamfahamu?"

"Kidogo," akasema Matroni.

Mshauri aliandika jambo pembeni mwa karatasi, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Wapo wazazi wa namna hiyo. Kama unaweza kumpata, mwambie basi aje siku moja amwone mtoto."

"Nitamwambia."

Alitoka ofisini akasimama chini ya ubao wa matangazo kwa muda, akijifanya anasoma ratiba ya mitihani. Angeweza kurudi ndani na kumweleza kijana wa watu ukweli. Aibu ilimshika miguu. Unamwelezaje mtu kwamba aliyekuwa anakaa pale getini siku ya wageni, na daftari la kuandikisha wazazi wa wenzake, ndiye mama mwenyewe anayesubiriwa?

Jumamosi, wakitoka kunywa uji, alimvuta binti pembeni, nyuma ya stoo ya mifagio.

"Nimekutoa kwenye orodha."

"Sawa, Matroni."

"Usiseme sawa. Uliza kwa nini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu una mama."

Binti aliangalia chini. Uso wake haukuonyesha furaha wala uchungu. Ulionyesha mtu aliyeshapewa jibu hilo kabla, kwa maneno mengine, na akapelekwa nyuma ya mstari.

"Kesho saa tisa uje chumbani kwangu," Matroni akasema.

"Kesho Jumapili. Hakuna foleni."

"Ndiyo maana nimesema kesho."

Mchana wa siku hiyo kikundi kilikutana kwa mara ya kwanza. Kilienda vizuri, na hilo lilimchosha Matroni kuliko kama kingeharibika. Kitanda cha Tisa, yule wa ndiyo na hapana, alifungua mdomo. Alieleza jinsi mama yake alivyokuwa anamfundisha kushona vifungo kutoka kitandani alikougulia, na jinsi kifungo cha mwisho kilivyobaki hakijashonwa. Wote walilia, mshauri akajifuta kwa mkono wa shati lake lililonyooka. Matroni alimshika msichana yule mkono, akamwambia yanayofaa kuambiwa, na aliyamaanisha. Ila sikio moja lilikuwa nje. Dirishani alimwona binti yake anaanika nguo, anazipanga kwa rangi, hana haraka ya kwenda popote.

Jumapili alifagia chumba. Alisogeza maboksi ya dawa, akaweka viti viwili, akaviona viko mbali, akavisogeza, akaviona vimekaribiana mno, kama vya watu wanaokula njama. Alijaribu kufikiri mama na binti huzungumza nini. Kila swali lililomjia lilikuwa la kazini. Unakula vizuri? Unalala? Unapata choo? Alikuwa mama wa watu sitini na watatu na hakujua aanzie wapi na wa sitini na nne. Kisha hofu ikamwingia kwamba mtoto hatakuja. Angekuwa na kila sababu.

Saa tisa kamili alifungua mlango.

Koridoni kulikuwa na watu watatu wameegemea ukuta. Wa kwanza, msichana mdogo wa mwaka wa kwanza, alikuja kuomba ruhusa ya kupiga simu. Wa pili alikuwa Kitanda cha Tisa, macho mekundu. Wa tatu, nyuma yao, alikuwa binti yake, amevaa sare iliyopigwa pasi siku ya Jumapili. Alikuwa ameitwa, na bado alikuwa amepanga mstari.

"Matroni," Kitanda cha Tisa akasema kwa sauti ndogo, "jana sikumaliza."

Miezi miwili Matroni alikuwa akiomba kusikia sentensi hiyo. Miaka kumi na moja ya mazoea ilimsukuma afungue mlango zaidi, amshike mtoto yatima bega, amwingize. Alimwona binti yake akisogea nusu hatua nyuma ili kumpa mwenzake nafasi ya kupita. Hakuna aliyemwambia asogee.

"Mwanangu, njoo," Matroni akasema, na wote wawili wa mbele wakapiga hatua.

Akainua mkono. "Siyo nyinyi. Mnisamehe. Rudini saa kumi na nusu, nitawasikiliza mmoja mmoja." "Sasa hivi ni zamu ya mtoto wangu. Huyo wa nyuma. Nimemzaa mimi."

Msichana mdogo akaziba mdomo kwa kiganja. Kitanda cha Tisa aligeuka polepole, akamtazama wa thelathini na moja kuanzia viatu mpaka nywele, macho ya mtu aliyegundua kwamba jirani yake alikuwa na chakula siku zote. Halafu akabana mgongo ukutani. "Pita," akasema. Matroni aliona kabisa kwamba amemuumiza, na kwamba hapakuwa na njia ya kumwingiza mmoja bila kumwacha mwingine koridoni. Jambo hilo alikuwa amelijua miaka yote, ila siku zote aliyeachwa alikuwa yuleyule mmoja.

Akafunga mlango, akasukuma komeo. Wakaketi.

Nje zilisikika kandambili za msichana mdogo zikienda zake. Za Kitanda cha Tisa hazikwenda. Kulisikika gauni likiburuzika ukutani, mtu anakaa sakafuni.

"Anasubiri," binti akasema.

"Nimemsikia."

"Anaweza kuanza yeye. Mimi sina haraka."

"Kaa."

Walikaa. Matroni aliangalia mikono yake, binti akaangalia maboksi ya dawa, akasoma maandishi ya boksi moja mpaka mwisho.

"Haya, una tatizo gani?" Matroni akasema, na papo hapo akajisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti ya saa kumi na nusu. Akajaribu tena. "Yaani, niambie tu. Chochote. Hata kama si shida."

Binti alifikiri. Ungedhani anachagua kati ya vitu vingi ili asichukue kikubwa.

"Jino linaniuma," alisema.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mitihani."

Mitihani ilikuwa imepita miezi miwili. Miezi miwili hiyo Matroni alikuwa amepeleka wasichana watano kwa daktari wa meno, na jioni zake alikuwa amechungulia vinywa visivyo na idadi. Aliinuka, miguu ikimlalamikia, akamvuta binti mpaka dirishani kwenye mwanga.

"Fungua mdomo."

Jino lilikuwa la nyuma, upande wa kushoto, limetoboka katikati, jeusi, na ufizi wake umevimba. Mara ya mwisho kuangalia ndani ya kinywa hiki kilikuwa na meno ya utoto. Mtu anayelala na jino kama hilo lazima analala ubavu mmoja, ameng'ata shuka, na Matroni aliyejua nani analala chali na nani anajifunika gubigubi hakuwa amejua hilo. Machozi yakamtoka bila kelele, akaacha yatoke.

"Kesho tunaenda kulitibu," akasema. "Mimi na wewe. Nitaomba ruhusa, na nitaandika kwenye ombi ni kwa ajili ya nani."

"Na bweni?"

 Matroni alimgeuza tena kidevu kwenye mwanga, ingawa alikuwa ameshaona vya kutosha, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuuegemeza uzito wa kichwa kwenye kiganja chake, kidogo kidogo, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza kuutoa mkono.